Chumvi ya Jua

Benchi letu ni taruma la mbao la kulazia reli, ambalo watu wa reli walilitupa na Yoramu akaliokota. Limewekwa juu ya mawe mawili mbele ya baraza ninaposhonea nguo, kwenye njia itokayo stesheni ya Tabora kwenda sokoni. Hapo ndipo Mzee Mfaume anapouza kahawa kila siku baada ya sala ya alasiri, na hapo ndipo sisi mabingwa wa kila jambo tunapokutana kuiweka dunia sawa. Mimi naitwa Pindo kwa sababu ya kazi yangu. Nashona huku masikio yako kwenye maneno, na ndiyo maana suruali nyingi za mji huu zina mguu mmoja mrefu. Yoramu, fundi wa karakana ya reli, tunamwita Boila, yaani pipa la mvuke la injini. Ni Mmoraviani asiyeonja pombe, lakini kelele zake zinawashinda walevi. Mzee Lugembe alibeba mizigo ya misafara enzi za ujana wake, kabla reli haijafika, basi tunamwita Pagazi, na nadhani analipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake. Kati ya Boila na nguzo ya baraza pana nafasi ya kukaa mtu mmoja, na hapo hakai mtu.

Nafasi hiyo ni ya Mabruki, mtoto wa pekee wa Mzee Mfaume. Alikuwa akikaa upande upande, mgongo kwenye nguzo, akivuta kahawa kwa sauti mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka. Yeye ndiye aliyetunga sheria ya benchi letu. Alisema kijiwe kinauawa na neno moja tu, nalo ni "sijui," kwa sababu mtu akishalitamka, mazungumzo yanakatika na watu wanakwenda kulala. Basi akalipiga marufuku. Atakayesema "sijui" hapa kwetu anawanywesha kahawa wote waliopo. Tangu siku hiyo tumekuwa tukieleza mambo ambayo hata malaika wanayapita pembeni, na hakuna aliyewahi kukwama. Kisha vita vikaja, Mabruki akavaa kaptula ya jeshi, akapanda treni ya pwani, na huko akapanda meli ya kwenda Burma. Vita vimekwisha. Wenzake wamerudi, wengine na baiskeli mpya, wengine na mguu mmoja. Yeye hajarudi, na hakuna simu ya serikali wala askari mwenzake aliyetuambia yuko wapi.

Mzee Mfaume alikuwa akizipokea treni zote. Siku hizi hazipokei, lakini ukimuuliza habari za mwanawe jibu lake ni lile lile: yuko njiani. Kila alasiri anamimina finjani moja na kuiweka mbele ya nafasi ile, inakaa hapo mpaka inapoa, anaimwaga, anafunga kazi. Mimi ningemwachia mzee huyu ngojangoja yake, maana hata mimi nikisikia mtu anavuta kahawa kwa sauti moyo unaruka. Lakini yuko Zamda. Zamda aliolewa na Mabruki, na hina haijafutika mikononi mwake mume akaondoka. Anaishi kwa mkwewe, nyuma ya baraza hii hii, na kahawa tunayokunywa ni yeye anayeitwanga. Alimwambia mke wangu kwamba kungoja anakuweza, na kulia matanga anakuweza. Asichokiweza ni hiki cha katikati, ambacho hata nguo yake ya kuvaa hakina.

Kaka zake wawili wametoka Uvinza kuja kumtafutia njia. Walikwenda kwa sheikh, na sheikh akamwita Mzee Mfaume. Alimwambia kwa upole kwamba hakuna anayemtaka aseme mwanawe amekufa. Anachotakiwa ni kusema tu kwamba hajui aliko, wala kama yu hai. Akilisema hilo, sheikh atajua namna ya kumfungulia binti wa watu. Lakini baba mtu akiendelea kushikilia kwamba mume yuko njiani, nani atathubutu kumpa mke wa mtu talaka? Mzee alivaa viatu vyake akaondoka. Siku hii ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Kaka zake Zamda walitaka jibu lifike kwa sheikh kabla ya magharibi, kwa sababu asubuhi yake walikuwa wanarudi kwao kwa treni ya Kigoma. Sisi sote tulilijua jambo hilo, na ndiyo maana tulikuwa tukizungumza habari ya bei ya mpunga kwa bidii sana.

Ndipo alipotokea Anselm. Huyu ni mpishi wa wazungu wa safari, Mkatoliki wa Cheyo, tunamwita Supu. Alikuwa haonekani tangu kabla ya mwezi wa tano, na hamjasahau yaliyotokea mwezi wa tano wa mwaka ule wa arobaini na saba: jua lilipatwa jioni, likabaki kipande kama ukucha, na mji mzima ukatoka kupiga madebe. Kumbe Supu wakati huo alikuwa Uhaya, karibu na ziwa, anawapikia wazungu wawili waliokuja na masanduku ya vioo kulitazama jambo hilo hilo. Alimwamkia Mzee Lugembe, akamwamkia Mzee Mfaume, akapokea finjani yake.

— Jua nimeliona limechanwa, akasema.

— Limechanwaje? Boila akauliza.

— Kama kitambaa. Muulize Pindo, atakuelewa.

Akatueleza, na kwa kweli nilimwelewa. Wale wazungu walikuwa na kisanduku chenye ufa mwembamba kama mkato wa wembe. Mwanga unapita hapo, unaingia katika kioo cha pembe tatu, na ukitoka upande wa pili umekuwa utepe wa rangi, nyekundu huku, zambarau kule, na rangi nyingine zote katikati. Hilo si jipya, kila mtu ameona upinde wa mvua. Lakini katika utepe ule, Supu alisema, mna mistari myeusi myembamba, mingi, imesimama wima, kama kitambaa kilichochomolewa nyuzi. Na nyuzi hizo hazikuchomolewa ovyo. Kila kitu kikiungua mpaka kikawa mvuke kina nyuzi zake kinazochukua, na hakichukui za mwenzake. Mzungu akitazama mistari iliyokosekana anakutajia vitu vilivyoko kwenye jua, kimoja kimoja, kama mtu anayetaja wageni kwa viatu walivyoacha mlangoni.

— Na chuma kimo? Boila akauliza.

— Kimo. Tena mistari yake ndiyo mingi kuliko yote.

Kosa hilo. Boila alisimama. Alitutangazia kwamba yeye amelisema zamani: jua ni injini ya treni. Lina chuma, lina moto, lina ratiba, halichelewi. Ile mistari myeusi ni masizi kwenye kioo cha taa ya mbele. Supu alimwambia wazungu wanasema jua haliunguzi kuni wala makaa, kwamba limejaa gesi nyepesi inayobanwa tumboni mwake kwa uzito wake lenyewe mpaka inageuka kitu kingine na kutoa moto. Boila akasema hiyo ndiyo maana ya boila.

— Na chumvi imo, Supu akaendelea. Ina nyuzi mbili, zimesimama pamoja kwenye rangi ya manjano.

Hapo Mzee Lugembe akaweka finjani chini. Chumvi ni mali yake. Alikuwa akiibeba kutoka Uvinza mpaka hapa, begani, na alama anayo.

— Jua linazama upande gani? akatuuliza.

— Magharibi.

— Na magharibi ya Tabora kuna nini?

— Kuna Kaliua.

— Mbele ya Kaliua.

— Uvinza.

— Basi mnataka niseme nini tena?

Tulitaka aseme, akasema. Kila jioni jua linatua kwenye mashimo ya chumvi ya Uvinza, linalala humo, na asubuhi linaamka chumvi imelishika mwilini. Na nyota je? Nyota ni mioto ya kambi. Wapagazi wangapi walikufa njiani kati ya Bagamoyo na Ujiji? Ndio hao, wamewasha moto, wanapika. Zile nyekundu ni za waliokwisha kula, makaa yanazimika; zile nyeupe ndiyo kwanza wamefika. Supu akasema, kwa masikitiko, kwamba hapo mzee amepata: wazungu wanasema nyota nyekundu ndiyo yenye moto mdogo, na nyeupe yenye ubuluu ndiyo kali. Boila naye akakubali, maana hata chuma karakanani huanza chekundu ndipo kiwe cheupe. Mzee Lugembe alitazama barabarani kwa utulivu wa mtu aliyekwisha shinda kesi. Mimi sikutaka kubaki nyuma, nikasema mistari ile ni mishono, kwamba jua limeungwa viraka na fundi aliyeishiwa uzi. Nilizomewa, na nilistahili.

Mzee Mfaume wakati wote huu alikuwa anasuuza vikombe. Kinu cha Zamda kilisikika nyuma ya ukuta, kwa mpigo ule ule wa kila siku. Ghafla mzee akauliza, bila kuinua kichwa:

— Huyo mzungu amefika huko kwenye jua?

— Hajafika, mzee. Hafiki mtu.

— Ameigusa hiyo chumvi?

— Hapana.

— Sasa amejuaje kama ipo?

— Kwa sababu mwanga umekosa kitu, Supu akasema. Anaijua kwa pengo lake.

Kila mmoja wetu alijua pa kutotazama. Boila alitazama viatu vyake, mimi nikatazama sindano. Supu peke yake ndiye aliyekuwa hajui habari za sheikh, maana alikuwa safarini, na akaendelea kwa furaha. Akasema kuna gesi moja iliyoonekana hivyo hivyo. Wataalamu waliukuta mstari wake kwenye mwanga wa jua, na hapa duniani hakuna kitu chenye mstari kama huo. Wakakipa jina la jua, wakakaa nacho hivyo hivyo, jina bila mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekwisha oa ndipo gesi ile ikapatikana huku chini, imefichwa ndani ya jiwe.

— Walikingoja muda wote huo, Mzee Mfaume akasema.

— Walikingoja.

— Na kilikuwapo.

— Kilikuwapo, mzee.

Nilitamani kumshona Supu mdomo. Uso wa mzee ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu treni za askari zilipoacha kuja. Alichukua finjani safi, akamimina polepole, akaiweka mbele ya nafasi ya Mabruki kwa mikono miwili.

— Mmesikia, akatuambia. Pengo si kwamba hakuna kitu. Pengo ni kwamba kitu kipo.

Nani angembishia? Nilimkumbuka Mabruki pale, mgongo kwenye nguzo, na nikaona kwamba mimi mwenyewe nataka maneno hayo yawe kweli. Nilitaka mno. Lakini nilikisikia na kinu.

Boila hapendi kimya, kinamkumbusha kanisani. Akasema yeye haamini mpaka aone, Supu athibitishe. Supu akasema hilo ni jepesi, apewe chumvi tu. Mzee Mfaume akaita, na Zamda akatoka na chumvi yake katika kitambaa kilichofungwa fundo, ile chumvi ya Uvinza ambayo mama yake humpelekea. Alitusalimu, akasimama kando ya mlango, mikono imejaa vumbi la kahawa.

Supu alipepea jiko mpaka ndimi ndogo za buluu zikaanza kucheza juu ya makaa. Akanyunyiza chumvi. Moto ukageuka manjano, manjano kali, mpaka vidole vyetu vikaonekana vya wagonjwa. Hata Mzee Lugembe alisogea.

— Hiyo ndiyo rangi yake, Supu akasema. Mahali pale pale penye mistari miwili.

— Mbona huu unang'aa? Mzee Mfaume akauliza. Wewe ulisema mstari ni mweusi.

Supu alikuwa ameuliza swali hilo hilo kule Uhaya, akiwa ameshika sufuria. Mzungu mmoja alimjibu kwa Kiingereza cha polepole. Ule mvuke wa chumvi uko juu ya uso wa jua, na wenyewe unawaka. Ila nyuma yake kuna moto mkubwa mno. Ndiyo maana, ukilinganisha, unaonekana giza. Washa kibatari mchana na ukiweke mbele ya jua, utauona mwali wake kama moshi. Ili kuuona mvuke unavyowaka wenyewe, lazima moto wa nyuma uzibwe. Na kitu pekee cha kuuziba ni mwezi. Hilo ndilo lililowatoa kwao wale watu na masanduku yao, wakapanda meli, wakapanda treni, wakapanda lori.

— Nilipewa nitazame, Supu akasema, na sauti yake ikabadilika. Kile kisanduku kidogo cha akiba. Jua limekaribia kuzama, limebaki uzi. Nautazama utepe, mistari ni myeusi kama kawaida. Mara mwezi ukaziba. Kwa muda wa kupiga chafya tu, utepe wote ukazimika, na ile mistari ikawaka. Yote. Pale palipokuwa na pengo pakawa na rangi, nyekundu, kijani, manjano, kila mmoja mahali pake. Kisha ikapotea. Nililia, jamani. Mtu mzima, nimeshika mwiko.

Hatukumcheka. Zamda, ambaye siku zote haongezi neno baada ya salamu anapokuja barazani, ndiye aliyeuliza.

— Shemeji, kwa hiyo ile chumvi ilikuwa inawaka siku zote?

— Siku zote, shemeji.

— Ila moto mkubwa wa nyuma yake ndio uliofanya ionekane giza.

— Ndivyo.

Alimtazama mkwewe kidogo, akafunga fundo la kitambaa chake, akarudi ndani. Mimi nilidhani anasema habari ya chumvi. Mke wangu, nilipomsimulia jioni, aliniambia kwamba kushona kumeniharibu akili, Zamda alikuwa anajisema mwenyewe. Lakini nadhani Mzee Mfaume alielewa, kwa sababu alibaki anautazama mlango hata baada ya kinu kuanza tena.

Supu alimalizia kwa lile lililomshinda. Alipoondoa kisanduku machoni aliliona jua lenyewe limekuwa duara jeusi, na kulizunguka kumesimama kitu cheupe, kama nywele za mzee aliyeamka. Mzungu alimwambia kwamba hizo nywele zina moto kuliko uso wa jua, tena kwa mbali mno. Supu kama mpishi hilo alilikataa. Unasogea mbali na jiko halafu unaungua zaidi, wapi umeliona jiko hilo? Akamuuliza inawezekanaje.

— Akasemaje? Boila akauliza.

— Akasema "sijui."

Benchi lilichangamka. Mzungu mzima, na masanduku yote yale, anasema sijui? Boila alitaka kujua kama alitozwa faini. Mzee Lugembe alisema angekuwepo yeye angewaeleza: zile si nywele, ni moshi wa mapishi ya wapagazi, na moshi, kila aliyelala kambini anajua, unachoma macho kuliko moto. Boila akasema ni stimu, stimu inaunguza kuliko maji yaliyoitoa. Mimi nikaleta habari ya blanketi, na jinsi mtu anavyotoka jasho kwa nje. Tulikuwa tumerudi katika hali yetu, nami nikashukuru. Ila Mzee Mfaume hakucheka.

— Alisema hivyo mbele ya watu? akamuuliza Supu.

— Mbele ya mwenzake, mbele ya wabeba mizigo, mbele yangu.

— Hakuona haya?

Supu akafikiri. — Hapana, mzee. Alikuwa mtu aliyeridhika. Nami nilimuuliza, bwana, umetoka kwenu mbali hivi kuja kusema hujui? Akaniambia angekuwa anajua, asingetoka nyumbani.

Mzee alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo, kisha akaendelea kupangusa kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani. Jua lilikuwa limeshuka upande wa reli ya Kigoma, kivuli cha nguzo kimevuka barabara. Kaka mmoja wa Zamda alipita ng'ambo, akatusalimu kwa mkono bila kusimama. Kila mtu alimwona. Adhana ya magharibi haikuwa mbali.

Wakati huo treni ya Mwanza ilikuwa imeingia, na watu wakaanza kupita na mizigo yao. Mmoja akakunja kuja kwetu. Alikuwa mtu wa makamo, vumbi mpaka kwenye kope, kapu la karanga mkono mmoja na jogoo chini ya kwapa. Akatuamkia kwa Kinyamwezi, mwadila, akasema jina lake Wenceslaus, ametoka Puge, anakwenda Kaliua kwa bintiye na anangoja treni ya asubuhi. Aliomba kahawa. Kisha akaiona nafasi kati ya Boila na nguzo, na finjani mbele yake.

— Hapa pana mtu? akauliza.

Mzee Lugembe, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa na jibu la nywele za jua, akaanza kutafuta tumbaku yake. Mgeni alidhani ametukosea. Alikuwa mtu wa adabu, akahamisha jogoo kwapa la pili na kusema kwa upole:

— Nauliza tu, wazee wangu. Kama mwenyewe yuko njiani, mimi nitasimama. Yuko njiani?

Tulimgeukia Mzee Mfaume sote, kwa sababu jibu hilo lilikuwa lake, na tulikuwa tumelisikia miaka yote hiyo. Alikuwa ameshika dele la kahawa. Alianza kusema neno, yu, likaishia hapo. Aliitazama ile finjani, ambayo ilikuwa imepoa na utando juu yake. Nilitaka kumsaidia, ila ningemsaidia kwa lipi?

— Sijui, Mzee Mfaume akasema.

Kinu kikanyamaza.

Katika miaka yote ya sheria ile tulikuwa tukiliota neno hilo, hasa kutoka kinywani mwake, maana yeye ndiye mwenye kahawa. Tulikuwa tumepanga jinsi tutakavyopiga makofi na kuruka. Boila hakuinuka. Alikuwa ameinamisha uso na anaupangusa kwa kiganja, na mimi nilikuwa siioni sindano. Mzee akalirudia, kama mtu anayepima kitu mkononi.

— Sijui aliko. Sijui kama yu hai. Ni mwanangu, na nimemngoja mpaka nimewafungia na watu wengine mlango. Nampenda, na sijui.

Kisha akasimama wima.

— Nimelitamka neno la faini, akatuambia. Leteni vikombe.

Alitumiminia wote. Alianza na Mzee Lugembe, akaja kwa Boila, Supu, mimi. Akaita ndani, Zamda akatoka akiwa amejifunika kanga kichwani, naye akamiminiwa, kwa mikono miwili, kama mgeni wa heshima.

— Kunywa, mwanangu. Wewe ndiye niliyekukosea.

— Hukunikosea, baba, Zamda akasema. Mimi pia ninamngoja.

Akanywa. Mzee akainua ile finjani iliyopoa, akaimwaga, akaisuuza, akaijaza upya, akamkabidhi mtu wa Puge ambaye bado alikuwa amesimama, hajui amefanya nini.

— Kaa, ndugu yangu, akamwambia. Akija, utampisha.

— Nitampisha, Wenceslaus akasema, na akakaa.

Mzee Mfaume akainamisha dele juu ya kikombe chake mwenyewe. Yalitoka matone tu. Akaliweka chini, akavaa kofia yake, akashika njia ya kwenda kwa sheikh. Alitembea katikati ya barabara, jua likiwa mbele yake, manjano kabisa, na hatukumwona vizuri kwa sababu ya mwanga ule. Zamda alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona, ndipo akaingia ndani, na kinu hakikuanza tena.

Tulikaa. Mtu wa Puge alikuwa ameegemeza mgongo kwenye nguzo, upande upande, kwa sababu jogoo alihitaji nafasi. Akavuta kahawa yake kwa sauti. Boila alifumba macho.

— Huyo nitakayempisha, mgeni akauliza, ni nani? Na yuko wapi?

Jina tulimwambia. Swali la pili lilikaa pale katikati yetu, na nikaona kila mmoja anatafuta injini, kambi, viraka, chochote. Mzee Lugembe ndiye aliyeanza.

— Sijui, akasema.

— Sijui, Boila akasema.

Nami nikasema. Supu akaliinua dele ili faini ilipwe, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha.